Kabla ya Mluzi

Kwa miaka minne nilikaa mapokezi kwenye studio moja ya kurekodi muziki huko Sinza. Jina lake naliacha. Kazi yangu ilikuwa kupokea wageni, kujaza daftari la zamu, kuwakumbusha watu madeni yao kwa lugha laini, na ikifika saa saba mchana kumtuma kijana chipsi mayai. Kazi ya pili haikuandikwa popote. Msanii akikosa mtu wa kumwitikia, fundi mitambo alikuwa anafungua mlango, ananitazama, ananiita kwa kidole. Navua ndala, naingia kwenye kibanda cha sauti, naimba viitikio kwa sauti mbili tatu tofauti, natoka, nakuta simu ya mezani imelia mpaka imechoka.

Baadhi ya viitikio hivyo mmevisikia kwenye daladala. Jina langu halimo. Nililipwa elfu kumi, mara moja moja elfu ishirini, mara nyingi "tutaongea". Sisemi kwa uchungu. Nasema ili mjue nilikuwa nani siku nilipokutana na sauti ya Minnie Riperton, mwimbaji wa Marekani, na kwa nini nilikutana naye vibaya.

Umeme ulikuwa umekatika. Jenereta lilikuwepo, mafuta ndiyo hayakuwepo. Tulikaa barazani watu watano, na fundi wetu, ambaye wote tulimwita Mzee ingawa alikuwa na miaka 34, akafungua kompyuta yake iliyobakiwa na chaji kidogo akatupigia wimbo wake, "Lovin' You". Mnaujua. Gita, piano ya umeme, ndege wanalia kwa mbali, hakuna ngoma hata moja, na mwanamke anaimba kama anambembeleza mtu aliyeanza kusinzia. Kisha inakuja ile noti. Sauti za watu wengine unazisikia zikipanda ngazi kwa ngazi. Ile yake unaikuta tu iko huko juu, nyembamba, kama mluzi. Na ndivyo wanavyoiita, sauti ya mluzi, maana inakaa juu hata ya sauti ya kichwa tunayofundishwa kwenye kwaya. Mzee akausimamisha wimbo, akanigeukia.

"Dada, ile unaiweza?"

Hapo ndipo nilipoharibika.

Nyumba niliyopanga ilikuwa na vyumba sita na bafu moja, na mazoezi nilikuwa nayafanyia bafuni kwa sababu kuta zake zinarudisha sauti. Mama mwenye nyumba alinivumilia wiki mbili. Wiki ya tatu akagonga mlango akauliza kama kuna panya. Nilihamia ufukweni Coco alfajiri, nikawa naimba nikiyatazama maji, na wakimbiaji wa asubuhi wakawa wananipisha kwa mbali. Lakini noti ikaja. Nikiwa peke yangu, nimekunywa maji ya uvuguvugu, sijala kitu, ilitoka mara saba kati ya kumi. Nilijiona nimefika.

Mwaka 2018 binamu yangu akaolewa, na kwenye sendofu yake niliomba nipewe dakika tano. Ukumbi umejaa, taa za rangi, MC ananitangaza kama mtu aliyetoka ng'ambo. Niliimba "Lovin' You" kutoka mwanzo, na nikafika pale. Ilitoka kama birika la chai lililosahaulika jikoni. Si noti, ni mvuke. Palikuwa na kimya kidogo, mtoto mmoja akacheka, na shangazi yangu, ambaye kunong'ona hajawahi kujaliwa, akauliza meza nzima: "Jamani, mwanangu kapaliwa?" MC akasema makofi kwa dada yetu. Wakapiga, Mungu awabariki.

Mzee alikuwepo, ndiye aliyekuwa kwenye mashine za ukumbi. Usiku ule ananisindikiza kituoni hakuniambia maneno mengi. Alisema, "Wimbo wote uliusukuma tu upite, ili ufike kule." Nilinuna. Hata kwaheri sikumpa vizuri.

Mwaka uliofuata rafiki yangu akanivuta kwenda kuangalia filamu ya Jordan Peele inayoitwa Us. Mimi na filamu za kutisha hatupatani, nusu yake niliiona kupitia vidole. Mwishoni kabisa kamera inapaa, watu waliovaa nyekundu wameshikana mikono mstari mmoja mpaka vilimani, na wimbo unaanza. Mwanamke anaimba chini, karibu anaongea. Kisha kwaya, tarumbeta, fidla na nyuzi nyingine, na ngoma vinaingia kwa pamoja, kama milango ya kanisa imefunguliwa na harusi inatoka.

Watu wakasimama. Rafiki yangu anatafuta viatu vyake gizani. Mimi nimekaa, natafuta jina kwenye simu. "Les Fleurs", Minnie Riperton. Nikadhani simu imekosea. Mwanamke niliyemwiga karibu mwaka mzima, kwa gharama ya heshima yangu mbele ya ukoo, alikuwa amepita masikioni mwangu na sikumjua.

Nilikuwa najua noti yake. Yeye mwenyewe nilikuwa simjui.

Usiku ule nilinunua bando nikasikiliza albamu nzima. Come to My Garden, yaani njoo bustanini kwangu, ni albamu yake ya kwanza akiwa peke yake. Ilitoka mwaka 1970, miaka mitano kabla dunia haijamjua kwa "Lovin' You", na ilipotoka haikushtua mtu. Ina nyimbo kumi. Ya kwanza ndiyo hiyo "Les Fleurs". Maneno ni ya Richard Rudolph, mume wake, muziki ni wa Charles Stepney, ambaye ndiye aliyezipanga ala na nyuzi. Nilipotulia nikagundua kwamba anayesema ndani yake ni ua. Ua linajiuliza nani atalivaa, nani atalichomeka kwenye nywele. Na ua halipigi kelele. Kwenye beti Minnie anashusha sauti mpaka unasogeza sikio, na kiitikio kikilipuka, kinalipuka kwa watu wengi, yeye yumo ndani yao. Niliurudia na kuurudia nikiisubiri noti yangu. Haikuja kama nilivyoizoea. Ilinichukua muda kukubali kwamba nisubiri kitu kingine.

Kwenye "Memory Band" maneno karibu hayapo. Sauti yake inapita katikati ya ala kama ala nyingine, hakuna anayempisha, naye hampigi mtu kikumbo. Wimbo huo alikuwa ameshaufanya na kundi lake la kabla, lakini hapa umelegezwa, una nafasi ya kupumua. "Rainy Day in Centerville" unabadilika njiani, unadhani umeujua, unageuka. Kuna nyimbo mbili hapo katikati ambazo, nikisema kweli, huwa nazipita. Nyuzi zimekuwa sukari mno kwangu. "Oh, By the Way" sijawahi kuupenda na sitajilazimisha. Lakini hata ninapouruka huwa nausikiliza kwanza kidogo, kwa sababu ya besi.

Mjomba wangu alipiga fidla kwenye kikundi cha taarabu Tanga, enzi ambazo sikuwa nimezaliwa. Nilipokuwa mdogo alinikemea kila nilipoimba juu ya fidla yake. "Ngoja ijibu," alikuwa anasema. "Umeuliza, sasa ngoja ijibu." Sikuelewa, nilikuwa na miaka tisa na nilitaka kuimba. Stepney hakuwa na habari yoyote na Tanga, sitaki mtu aseme nimeanza kutafuta ujomba Marekani. Ila nyuzi zake zinafanya kazi ileile. Hazikutandikwa chini kama mkeka mwimbaji akanyage. Zinamsikiliza, zinamjibu, mara zinambishia. Na Minnie anangoja zijibu. Kwenye kiti changu cha plastiki, saa nane usiku, nilisikia kiko cha mjomba kikinukia.

Nikaanza kusoma habari zake, na kuna mahali nilisoma nikakaa wima kitandani. Minnie Riperton alikuwa wa mapokezi!

Alizaliwa Chicago tarehe 8 Novemba 1947, kitinda mimba wa watoto wanane, na alifundishwa uimbaji wa opera akiwa bado mtoto. Walimu walitarajia aende kwenye majukwaa ya opera, yeye akaenda Chess Records, kampuni ya ndugu wawili waliohamia kutoka Poland, Leonard na Phil Chess, iliyowatoa kina Muddy Waters na Etta James. Pale aliimba kwenye kundi la wasichana lililoitwa The Gems, akawa anaitikia nyimbo za wengine, na akawa anakaa mapokezi, anapokea simu. Sikilizeni "Rescue Me" ya Fontella Bass, ya mwaka 1965. Sauti za nyuma, mojawapo ni yeye. Na huyo Fontella mwenyewe alidai miaka mingi kwamba alishiriki kuutunga wimbo ule na hakuandikwa. Minnie aliporekodi nyimbo zake mwenyewe za mwanzo, zilitoka kwa jina la Andrea Davis. Nikacheka peke yangu gizani. Mimi angalau elfu kumi nilipewa kwa jina langu.

Baadaye Marshall, mtoto wa Leonard Chess, akaunda kundi la vijana weupe kwa weusi, Rotary Connection, roki iliyochanganywa na soul na nyuzi za okestra. Minnie akatolewa mapokezi akaingia humo. Mpangaji wa muziki alikuwa Stepney. Hivyo walipokaa kutengeneza Come to My Garden walikuwa wameshazoeana, na nadhani ndiyo maana hakuna anayejionyesha kwa mwenzake.

Hapa lazima niingize kisa cha dada yangu.

Dada yangu mkubwa anaishi Chicago, analea wazee kwa zamu za usiku. Nilimsumbua akanipigie picha ya jengo la Chess. Nilikuwa nimesoma anwani, 2120 South Michigan Avenue, maarufu mpaka kundi la Rolling Stones la Uingereza walipokwenda kurekodi pale mwaka 1964 waliitumia kuwa jina la wimbo. Leo ni makao ya taasisi ya Blues Heaven, aliyoianzisha Willie Dixon, mtunzi wa nyimbo za blues. Ilikuwa Februari. Dada akaenda, akasimama kwenye baridi ile ya kwao inayoingia hadi kwenye meno, akavua glavu apige picha, akanitumia pamoja na ujumbe wa sauti wa dakika mbili ambao sitaunukuu kwa sababu mama naye yuko mitandaoni. Nikaichapisha ile picha, nikaibandika mbele ya meza yangu ya mapokezi. Kila mteja aliyeuliza nilimwambia: pale ndipo dada mmoja wa mapokezi alipoimba "Les Fleurs".

Miezi mitatu baadaye nikasoma kwamba Chess walihama jengo lile mwaka 1967. Studio zao, zilizoitwa Ter-Mar, zikawa 320 East 21st Street, mitaa michache tu upande wa ziwani. Albamu ilirekodiwa Novemba 1969. Nilimsimamisha dada yangu kwenye jengo lisilohusika. Nikamwandikia kumweleza. Tiki mbili za bluu, siku nne hakujibu.

Sasa, kwa nini albamu ilipita kimya? Nimesoma watu wakisema masikio ya wakati ule hayakuwa tayari, kwamba haikuwa soul kamili wala jazi wala pop, ikakosa kabati. Inawezekana. Mimi sina imani sana na maelezo hayo, kwa sababu nimekaa mapokezi na nimeona kazi nzuri inavyokufa. Masikio yanakuja mwisho kabisa. Kabla yake kuna simu ambayo hakuna mtu wa kuipokea.

Tazameni tarehe. Januari 1969 ndugu wa Chess waliiuza kampuni yao kwa GRT, kampuni ya California iliyokuwa kwenye biashara ya kanda. Oktoba mwaka huohuo Leonard Chess akafa kwa moyo. Tarehe 24 mpaka 26 Novemba, siku tatu, wiki chache baada ya msiba, Minnie na Stepney wanaingia studio na wapigaji ambao leo ukiwataja watu wanavua kofia: Ramsey Lewis kwenye piano, Cleveland Eaton kwenye besi, Phil Upchurch kwenye gita, Maurice White kwenye dramu. Nyumba ina matanga, mwenye nyumba mpya hajui vyumba. Albamu ikatoka kwa lebo ya GRT. Kina nani walikuwa na sababu ya kuihangaikia? Mtu wa kanda alinunua Chess apate nyimbo za kuweka kwenye kanda zake, nyimbo ambazo tayari zina jina. Bustani ya dada wa mapokezi haikuwemo kwenye hesabu.

Nalijua hilo kwa sababu mwaka wangu wa mwisho pale Sinza studio iliuzwa. Chini ya meza yangu kulikuwa na maboksi matatu ya CD za kijana mmoja wa Mbagala, albamu ya nyimbo tisa aliyoilipia kidogo kidogo kwa mwaka na nusu. Mimi nilimwitikia nyimbo nne. Ilikuwa kazi safi, Mzee alikesha nayo. Mwenye studio wa zamani alikuwa ameahidi kuipeleka redioni yeye mwenyewe, kwa mkono, kama ilivyokuwa desturi yake. Mwenye mpya alikuja na watu wawili na daftari. Aliuliza bei ya spika. Aliuliza hadi ya feni. Akaja mezani kwangu, akasukuma lile boksi kwa mguu, akasema, "Na haya makaratasi vipi?" Nikamwambia si makaratasi. Akasema sawa, yatoke kufikia Ijumaa.

Yule kijana alikuja kuyachukua kwa bodaboda. Boksi moja mbele, moja nyuma, moja kichwani kwake. Mpaka leo sijasikia wimbo wake hata mmoja mahali popote, na kila nikisikia mtu akisema kizuri chajiuza huwa nalikumbuka lile boksi la kichwani, namna alivyolishikilia bodaboda ikipanda tuta.

Minnie naye aliondoka. Yeye na Richard wakahamia Gainesville, Florida, wakalea watoto wawili, na ingekuwa imeishia hapo. Mwaka 1973 kijana wa chuo aliyekuwa akifanya mazoezi ya kazi kwenye kampuni ya muziki ya Epic Records akamtafuta akampata huko. Wakaja Los Angeles. Stevie Wonder akashiriki kutayarisha albamu yake Perfect Angel ya mwaka 1974, akajificha nyuma ya jina El Toro Negro kwa kuwa alikuwa na mkataba kwingine. Aprili 1975 "Lovin' You" ukawa namba moja Marekani. Mwaka 1976 akagunduliwa saratani ya matiti, akakatwa ziwa, akasema hadharani kwenye televisheni, wakati ambapo ugonjwa ule ulisemwa kwa kunong'ona, kama unavyosemwa kwetu hata leo. Alifariki tarehe 12 Julai 1979, akiwa na miaka 31. Binti yake, Maya Rudolph, ndiye yule mchekeshaji mnayemwona kwenye filamu.

Nimepita haraka hapo makusudi. Ukisoma habari za Minnie mahali pengi utaletewa noti na ugonjwa, noti na ugonjwa, kana kwamba alikuwa na vitu viwili tu. Mimi nataka kukaa zaidi na Stepney.

Charles Stepney hakuwa mtu wa majukwaa. Alipiga vibrafoni na piano, alipanga muziki, na nyumbani kwake Chicago alikuwa na chumba cha chini ya nyumba alichojaza mashine, akawa anajirekodi humo peke yake kwenye kanda. Alifariki Mei 1976, miaka 45, hakuwa ametoa albamu hata moja kwa jina lake, ingawa Maurice White, yule wa dramu, alikuwa ameshaanzisha kundi la Earth, Wind & Fire na alimtegemea kama kaka. Binti zake wakatunza kanda. Mwaka 2022 zikatoka: albamu inayoitwa Step on Step. Kwa maneno mengine, albamu ya kwanza ya mtu aliyekwisha kufa miaka 46. Nilipoisikiliza niliona jinsi alivyokuwa anajenga: kitu kimoja, anangoja, kitu cha pili, anangoja. Mjomba angempenda.

Na wakati huo Come to My Garden yenyewe ilikuwa inatembea bila wazazi. "Les Fleurs" ulikuwa umeshapigwa na Ramsey Lewis mwaka 1968 kabla Minnie hajautoa kwenye albamu yake. Mwaka 2001 kundi la 4hero la Uingereza likaurudia, watu wa klabu London wakaucheza. Ukaingia kwenye filamu, ukanikuta mimi kwenye kiti nimefunika uso. Sijui kama kuna mtu aliyeusambaza kwa mpango. Naona kama ulipita mkono kwa mkono, kama mbegu za mchicha, jirani anakupa kwenye karatasi la gazeti.

Studio ilipofungwa kwangu nilikaa miezi sina kazi. Nikawa nauza vitafunwa asubuhi, jioni narudi kwenye mazoezi, lakini mazoezi yangu yalikuwa yamebadilika. Nilikuwa nachukua ubeti mmoja wa "Les Fleurs", ule wa chini kabisa, nauimba bila kupandisha sauti hata chembe mpaka mwisho. Jaribuni. Ni kazi ngumu kuliko mluzi. Mluzi ni wa sekunde mbili, ukikosea umekosea. Kuimba chini dakika nzima bila pumzi kusikika, bila kukimbilia kiitikio, bila kuomba usikilizwe, nilishindwa wiki nyingi. Nilikuwa navuta mabega. Nilikuwa najibu kabla fidla haijajibu, na fidla yenyewe ilikuwa kichwani tu.

Mzee alifungua studio yake ndogo Kigogo, chumba kimoja, magodoro ukutani. Akaniita niitikie wimbo wa binti mmoja anayechipukia. Binti alitaka kiitikio kifunikwe na noti ya juu, "ile ya Mariah", alisema. Nikamuuliza Mzee anionyeshe mstari wa chini kwanza. Nikauimba huo, mara tatu, sauti tatu, nikatoka. Binti akasema mbona hausikiki. Mzee akauzima. Binti akasikiliza wimbo wake ukiwa hauna kitu chini, akasema, "Rudisha." Yeye ndiye aliyenilipa vizuri kuliko wote, na jina langu akaliandika, ingawa kwa herufi moja iliyokosewa.

Mwaka jana nilirekodi nyimbo sita zangu. Mzee hakunitoza muda, alinitoza umeme. Kuna gita, besi, ngoma ndogo, na kijana wa Tanga tuliyemtafuta anayepiga fidla. Noti ya juu ipo moja, kwenye wimbo wa tano, haikai hata sekunde, na shangazi alipousikiliza hakuuliza kama nimepaliwa. Aliuliza tu kwa nini nimeimba polepole, nina haraka ya kwenda wapi nisiimbe vizuri. Sikuelewa sentensi hiyo na sikubishana nayo. Mpaka jana waliosikiliza ni watu 312. Nikitoa ukoo, na watu wa kwaya, na mama mwenye nyumba wa zamani, hawafiki mia.

Dada wa Chicago nilimtumia mafaili kabla ya wote. Hakujibu. Nikadhani ni yaleyale ya Februari. Baada ya wiki, asubuhi yake ni jioni yetu, ikaingia video ya sekunde kumi na tisa. Ametoka zamu, bado kavaa sare. Nyuma yake kuna ukuta wa matofali, baiskeli imefungwa kwenye nguzo, upepo unapiga simu. "Haya," anasema, "320 East 21st. Nimesoma kibao mara mbili. Hapa hapana kitu, hakuna hata mtu. Ndipo penyewe au nihamie tena kwingine?" Mlango wa gari lake uko wazi, na humo ndani unasikika wimbo wangu wa tatu, umefika pale fidla inapojibu. Mtu nyuma yake anapiga honi. Dada anageuka, anamwambia kwa Kiswahili angoje.